Mabondia wa Siku Hizi: Nani Astahili Kuitwa Bingwa wa Zama Zote?

Wapenzi wa mchezo wa ngumi hawaachi kubishana juu ya jambo hili, iwe ni katika baraza ya ofisi saa ya chai, au sokoni siku ya mnada. Mzee mmoja husema kwamba tangu alipoondoka Muhammad Ali hapana bondia tena duniani. Kijana humjibu kwamba Ali angalikutana na watu wa leo angalipigwa kabla ya raundi ya sita. Kelele huwa nyingi, wala hapana hata mmoja atajaye kipimo anachotumia. Mtu auzaye mahindi bila pishi wala mizani hatumwamini. Basi katika jambo hili pia yafaa tupime kwanza, ndipo tuseme.

Yapasa msomaji ajue kwamba jina la "bingwa wa dunia" halina tena thamani ile iliyokuwa nayo zamani. Katika siku za Joe Louis, aliyeshika taji la uzito wa juu tangu mwaka 1937 hata 1949 na kulitetea mara 25, namna za uzito zilizotambuliwa kwa kawaida zilikuwa 8, na kila moja ilitazamiwa kuwa na bingwa mmoja. Siku hizi zimefika 17, na vyama vikubwa vitoavyo mikanda ni vinne. Zidisha mwenyewe: ni mikanda 68. Tena mapambano ya ubingwa, ambayo zamani yalikuwa ya raundi 15, yalipunguzwa kuwa ya raundi 12 baada ya kifo cha Mkorea Duk Koo Kim mwaka 1982. Kwa hiyo kuhesabu mikanda ya mtu hakutoshi.

Mimi hupima hivi: je, mtu huyo aliwakabili walio bora katika siku zake, wakati walipokuwa bado na nguvu zao? Na aliposhindwa, alifanya nini? Louis alipigwa na Mjerumani Max Schmeling mwaka 1936. Mwaka 1938 alikutana naye tena, akammaliza katika raundi ya kwanza. Sugar Ray Robinson, ambaye wajuzi wengi humweka mbele ya wote, alipoteza taji lake mjini London kwa Randolph Turpin mwezi wa Julai 1951, akalitwaa tena New York mwezi wa Septemba mwaka huohuo. Watu kama hawa hawakuogopa doa katika daftari.

Na hapa ndipo penye ubishi mkubwa juu ya Floyd Mayweather wa Marekani. Alipigana mara 50 akashinda mara 50, na sisi makarani, tupendao hesabu zilizo safi, twavutwa sana na ushindi wa namna hiyo. Juu ya ustadi wake sina shaka. Kwa kujikinga ni wachache walioweza kulinganishwa naye, na waliompiga hewani tu ni wengi. Aliwashinda watu wenye sifa, kama Diego Corrales mwaka 2001 na Oscar De La Hoya mwaka 2007. Lakini litazameni pambano lake na Manny Pacquiao wa Ufilipino. Watu walianza kulidai mwaka 2009; lilipiganwa tarehe 2 Mei, 2015, Mayweather akiwa na umri wa miaka 38 na Pacquiao 36. Ni kama kahawa iliyoachwa hata ikakauka mtini: yauzwa, naam, lakini kwa bei ya mbuni. Na pambano lake la 50, lililompitisha Rocky Marciano aliyestaafu mwaka 1956 na ushindi wake 49, lilikuwa la mwaka 2017 na Conor McGregor, mtu ambaye hakuwa amepata kupigana ndondi za kulipwa hata mara moja. (Haki yataka tukumbuke pia kwamba Marciano alipompiga Louis mwaka 1951, Louis alikuwa na miaka 37.) Namkubali Mayweather kuwa miongoni mwa wakuu, walakini si kwa ajili ya hesabu ile.

Pacquiao namweka juu yake. Najua wako watakaoguna na kuuliza, "Aliyeshindwa awekwaje mbele ya aliyemshinda?" Jibu ni kwamba usiku mmoja si maisha yote ya bondia. Alitwaa taji lake la kwanza mwaka 1998 katika uzito wa ratili 112, na kufikia mwaka 2010 alikuwa amepata mataji katika namna 8 za uzito, jambo ambalo hapana mwingine aliyelifanya. Erik Morales alimshinda mwaka 2005. Mwaka uliofuata Pacquiao alimsimamisha mara mbili. Mwezi wa Desemba 2012 Juan Manuel Marquez alimlaza kifudifudi bila fahamu, na watu wakasema amekwisha. Mwaka 2019, akiwa na miaka 40, alimpiga Keith Thurman ambaye hakuwa ameshindwa na mtu yeyote.

Oleksandr Usyk wa Ukraine hahitaji maneno mengi. Alikusanya mikanda yote minne ya uzito wa ratili 200 mwaka 2018, akiwashinda wenzake katika nchi zao wenyewe, kisha akawaendea majitu. Alimshinda Anthony Joshua mara mbili, na mwezi wa Mei 2024, mjini Riyadh, akamshinda Tyson Fury, aliye na urefu wa futi 6 na inchi 9 na aliyemzidi kwa zaidi ya ratili 30. Desemba ile alimshinda tena. Fury na Joshua ni mabondia wazuri. Zaidi ya hapo mimi siendi.

Terence Crawford alinisumbua kwa muda mrefu, kwa maana miaka yake mingi iliyo bora ilipita bila kukutana na jina kubwa. Ndipo mwaka 2023 akamvunja Errol Spence, na mwezi wa Septemba 2025, akiwa na miaka 37, akapanda hata ratili 168 na kumshinda Canelo Alvarez. Huyu alianzia ubingwa katika ratili 135!

Msomaji atauliza, na watu wetu je? Robert Wangila alileta Kenya medali ya dhahabu kutoka Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, akafariki mwaka 1994 baada ya pambano mjini Las Vegas; hakupewa muda wa kupimwa. Lakini Azumah Nelson wa Ghana namtaja bila kusita. Mwaka 1982 aliitwa kwa haraka amkabili Salvador Sanchez, akasimama naye hata raundi ya 15. Mwaka 1984 alimnyang'anya Wilfredo Gomez taji huko Puerto Rico, nyumbani kwa Gomez mwenyewe.

Amebaki Naoya Inoue wa Japani. Aliunganisha mikanda yote katika namna mbili za uzito, mwaka 2022 na 2023. Mwezi wa Mei 2024 Luis Nery alimwangusha katika raundi ya kwanza, mbele ya watu wake mjini Tokyo. Aliinuka, na kufikia raundi ya sita Nery alikuwa chini. Jina lake nimeliandika katika orodha yangu, ila kwa kalamu ya risasi.