Si Damu, Ni Maisha

Watu wakisikia kwamba vichanga vya Wamarekani weusi huzaliwa vyepesi kuliko vya wazungu, wengi hudhani ni damu: ndivyo walivyoumbwa. Mwaka 1997 madaktari wawili wa Chicago, Richard David na James Collins, waliipima dhana hiyo. Walichambua kumbukumbu za watoto waliozaliwa jimbo la Illinois kati ya 1980 na 1995. Wastani wa uzito ulikuwa gramu 3,446 kwa watoto wa wazungu wazaliwa wa Marekani, na gramu 3,089 kwa wa Wamarekani weusi. Na watoto wa akina mama waliohamia kutoka Afrika? Gramu 3,333. Kama kisa ni damu, hawa, ambao asili yao ni Afrika moja kwa moja, ndio wangekuwa wadogo kuliko wote.

Mhamiaji asishangilie mapema. Mwaka 2002 Collins na David walitoa utafiti mwingine, safari hii wakitazama vizazi viwili. Mabinti wa wahamiaji weusi, waliozaliwa hukohuko Illinois, walipofika zamu yao ya kuzaa walipata watoto wepesi kuliko walivyokuwa wao wenyewe siku ya kuzaliwa. Kwa wahamiaji wa Ulaya mambo yalikwenda kinyume: uzito ulipanda. Kizazi kimoja tu, na ile nafuu waliyokuja nayo mama zao imeanza kuyeyuka.

Kama si damu, basi ni maisha ya kubaguliwa. Lakini inakuwaje tusi au hofu ishuke hadi tumboni? Mtu anayeishi akitarajia kudharauliwa, mwili wake hukaa kama mlinzi asiyepata zamu ya kulala. Homoni ya kotisoli hubaki juu, shinikizo la damu hupanda, na kwa mjamzito hayo yanaweza kupunguza damu inayofika kwenye kondo la nyuma au kuuanzisha uchungu kabla ya wakati.

Wala si lazima uguswe wewe mwenyewe. Tarehe 12 Mei 2008 maofisa wa uhamiaji walivamia kiwanda cha nyama huko Postville, Iowa, wakakamata watu 389. Katika miezi iliyofuata, hatari ya kuzaa mtoto wa chini ya gramu 2,500 ilipanda kwa asilimia 24 miongoni mwa akina mama Walatino wa jimbo zima, ikilinganishwa na kipindi kama hicho mwaka uliotangulia. Waliozaliwa Marekani, wenye uraia kamili, nao walikuwamo. Kwa akina mama wazungu hakukuwa na ongezeko hilo. Kwangu mimi ushahidi huu unatosha kuonyesha kwamba ubaguzi huingia mwilini.

Kwa hiyo mzazi uliye ughaibuni, mtoto akilalamika tumbo kila Jumatatu asubuhi, huenda ni hofu ya shule inayosemea mwilini; usiishie kwenye dawa ya minyoo. Muulize wenzake humwitaje shuleni, na jibu lake mpelekee daktari. Tangu 2019 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinautambua ubaguzi wa rangi kuwa suala la afya ya mtoto, kwa hiyo usione haya kulitaja kliniki.