Mali bila daftari: Somo la kwanza kwa anayeanzisha biashara Nairobi

WENGI wanaonuia kuanzisha biashara jijini Nairobi huuliza kwanza mtaji utatoka wapi. Swali hilo ni la haki, ila kuna jingine linalostahili kulitangulia. Biashara iwe ni kibanda cha mboga Kangemi, duka la kinyozi Kawangware au la vipuri vya magari katika Barabara ya Kirinyaga, mwenyewe anapaswa kujua hivi: kati ya fedha anazozishika kila jioni, ni kiasi gani kilicho chake?

Mnamo 2016, Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, lilitoa matokeo ya uchunguzi kuhusu biashara ndogo na za wastani nchini. Uchunguzi huo ulikadiria kuwa kulikuwa na biashara takriban milioni 7.4 za aina hiyo, na ni milioni 1.56 pekee zilizokuwa na leseni. Aidha, ulibaini kwamba biashara milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa katika muda wa miaka mitano. Miongoni mwa sababu zilizotolewa na wenyewe, iliyotajwa zaidi ni upungufu wa fedha za kuendeshea shughuli.

Jambo la kuzingatia ni kuwa biashara hizo zote zilikuwa zimeanza. Mtaji wa kufungua mlango ulikuwa umepatikana, aghalabu kutokana na akiba ya mtu binafsi au msaada wa jamaa. Kilichopungua ni fedha za kununua bidhaa mara ya pili, ya tatu na ya mia.

Hesabu ya kibanda kimoja

Tuchukue mfano wa kubuni wa mama anayeuza mboga na matunda Kangemi, kando ya Barabara ya Waiyaki. Kila alfajiri huenda katika soko la jumla na kununua bidhaa za Sh4,000. Kufikia jioni ameziuza kwa Sh5,200. Akiulizwa amepata nini siku hiyo, huenda akajibu, "Elfu tano na mia mbili." Jibu hilo ndilo mwanzo wa kuporomoka kwa biashara nyingi.

Sh4,000 kati ya fedha hizo si zake bali ni za bidhaa za kesho. Zinazobaki ni Sh1,200, nazo pia zina wenyewe. Usafiri na upakizi huchukua Sh350, sehemu ya kodi ya kibanda Sh200, vifungashio, maji na taa Sh100, na Sh50 hutengwa kila siku kwa ajili ya leseni ya mwaka. Isitoshe, yeye mwenyewe ni mfanyakazi wa kwanza wa biashara yake na hana budi kulipwa, tuseme Sh300. Jumla ni Sh1,000. Faida halisi ya siku ni Sh200.

Sasa na tuchukulie kwamba mahitaji ya nyumbani yanamlazimu kutoa Sh1,000 kila jioni badala ya Sh500, yaani mshahara na faida. Kila siku atakuwa anamega Sh500 za mtaji. Baada ya siku nane, zile Sh4,000 za kununulia bidhaa zitakuwa zimekwisha, ingawa wateja hawakupungua hata mmoja. Majirani watasema biashara imeingiwa na mkosi, kumbe imeliwa.

Hesabu hiyo hiyo humwonyesha kiwango asichopaswa kwenda chini yake. Kwa kila Sh100 anazouza, Sh77 hivi ni gharama ya bidhaa na Sh23 ndizo za kulipia mengine. Ili kugharimia zile Sh1,000 za kila siku, sharti auze bidhaa za karibu Sh4,350, hata kabla ya kuhesabu zitakazooza. Mtu anayetafuta mahali pa kufungulia biashara akijua kiwango hiki, ataweza kukaa kando ya barabara kwa siku chache akihesabu wapita njia na wanaonunua, kisha aamue iwapo mahali hapo patamfaa. Kodi ya Westlands si ya Kangemi, na kila shilingi inayoongezeka kwenye kodi hudai mauzo zaidi ya shilingi nne.

Daftari na mifuko miwili

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la biashara ndogo halihitaji mhasibu. Kurasa zenye safu nne zinatosha: tarehe, fedha zilizoingia, fedha zilizotoka na sababu yake. Ukurasa mwingine uwe wa madeni. Jambo la lazima ni kuandika kila siku kabla ya kulala, kwani kumbukumbu ya wiki nzima haiaminiki.

Pamoja na daftari, fedha za biashara na za nyumbani zisichanganywe. Waliotumia masanduku mawili zamani, leo wanaweza kutumia namba mbili za simu: moja ya kupokelea malipo ya wateja na kulipia bidhaa, nyingine ya matumizi ya nyumbani. Mwenye biashara ajipangie mshahara na kuuhamisha siku maalumu, kama ambavyo angemlipa mtu mwingine.

Ukurasa wa madeni ndio wenye mitihani mingi. Mitaa kama Kangemi na Kawangware ina vibarua na wafanyakazi wa nyumba wanaohudumu Lavington, Loresho na Westlands, na wapo wanaopokea mshahara mwisho wa mwezi. Kuwanyima mkopo kabisa ni kuwafukuza. Kuwakopesha bila mpaka ni kujifilisi. Deni la Sh1,000 lisilolipwa humeza faida ya siku tano katika mfano wetu. Busara ni kuweka kiwango kwa kila mteja, na kutokopesha tena kabla ya deni la kwanza kulipwa.

Sheria na ushuru

Zamani, kusajili jina la biashara kulimaanisha kupanga foleni Sheria House katika Barabara ya Harambee. Siku hizi usajili hufanywa kupitia mtandao wa eCitizen, chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara iliyoundwa kwa sheria ya 2015. Anayesajili jina tu hubeba madeni ya biashara mwenyewe, na mali yake ya nyumbani yaweza kuuzwa kuyalipa. Kampuni ni mtu wa pekee mbele ya sheria, na Sheria ya Kampuni ya 2015 inamruhusu hata mtu mmoja kuianzisha, ila ina masharti na gharama zaidi. Leseni ya kaunti nayo hutolewa na serikali ya Nairobi, ambayo mnamo 2023 iliunganisha leseni kadhaa, zikiwemo za biashara, zima moto na afya, kuwa kibali kimoja.

Ushuru ndio huwashtua wengi. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha ushuru wa mauzo kutoka asilimia 1 hadi asilimia 3 kuanzia Julai 1, 2023, kwa biashara zinazouza zaidi ya Sh1 milioni hadi Sh25 milioni kwa mwaka. Ushuru huu hutozwa mauzo yote, wala si faida. Mama wa mfano wetu akifanya kazi siku 312 kwa mwaka, mauzo yake yatakuwa Sh1,622,400. Asilimia 3 ya fedha hizo ni Sh48,672, ilhali faida yake ya mwaka mzima ni Sh62,400. Atasalia na Sh44 kwa siku.

Hata hivyo, sheria inampa njia ya pili. Anaweza kumwandikia Kamishna wa Mamlaka ya Ushuru Nchini, KRA, akichagua kutozwa ushuru wa kawaida wa mapato. Hapo mapato yake, pamoja na ule mshahara aliojilipa, yatakuwa Sh156,000 kwa mwaka, sawa na Sh13,000 kwa mwezi. Kwa viwango vya 2023, asilimia 10 ya kiasi hicho ni Sh1,300, nayo ni ndogo kuliko nafuu ya Sh2,400 ambayo kila mlipa ushuru hupewa kwa mwezi. Hangedaiwa chochote. Lakini njia hiyo humfaa tu anayeweza kuthibitisha gharama zake kwa stakabadhi. Asiye na hati za manunuzi hana cha kumwonyesha ofisa wa ushuru ila maneno.

Mkopo na muda wake

Hazina ya Hustler ilipozinduliwa Novemba 30, 2022, ilitoa mikopo ya kati ya Sh500 na Sh50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, irejeshwe katika siku 14. Riba hiyo ni nafuu, ila muda ni mfupi. Mkopo wa namna hii huweza kununua bidhaa zinazouzwa kwa siku mbili tatu. Ukinunulia jokofu la Sh28,000, utadai Sh2,000 kila siku kutoka kwa biashara inayopata faida ya Sh200. Kifaa cha kudumu kilipiwe kwa akiba au kwa mkopo wa muda mrefu.

Mwalimu ni nani?

Je, maarifa haya hupatikana darasani? Wasomi Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson walilipima jambo hilo miongoni mwa wanawake vijana wenye biashara ndogo mtaani Dandora, mashariki mwa Nairobi. Katika matokeo waliyochapisha 2018, waliopewa mshauri, yaani mwanamke mzoefu wa biashara kutoka mtaa huo huo, waliongeza faida kwa asilimia 20 hivi. Waliofunzwa darasani pekee hawakuonyesha ongezeko hilo. Mshauri aliwaelekeza kwa wauzaji wa jumla wenye bei nafuu, habari ambazo hazimo vitabuni. Hata hivyo, manufaa hayo yalififia mashauriano yalipokoma.

Darasa nalo halipaswi kudharauliwa. Utafiti wa David McKenzie na Susana Puerto kuhusu wanawake wafanyabiashara wa mashambani nchini Kenya, waliofunzwa kwa mtaala wa Shirika la Kazi Duniani, ulionyesha kuwa miaka mitatu baadaye faida yao ilikuwa imepanda kwa asilimia 15.

Alhasili, kabla ya kulipa kodi ya kwanza, anayenuia kufungua biashara amtafute mtu anayeifanya biashara hiyo mtaani, amsikilize kwa siku kadhaa, kisha aandike hesabu ya siku moja kama ile ya kibanda cha Kangemi. Hesabu hiyo ikikataa katika karatasi, haitakubali sokoni, na hasara yake itakuwa ya kalamu tu.