Uchungu wa Naomi



Katika Kitabu cha Ruthu twamsoma Naomi, aliyefiwa na mumewe na wanawe wawili ugenini Moabu. Aliporejea Bethlehemu alikataa jina lake, lenye maana ya kupendeza, akataka aitwe Mara, yaani uchungu. Alidai waziwazi kwamba uchungu huo umetoka kwa Mungu, na hatusomi popote kwamba Mungu alimkemea.

Akina Naomi wapo nasi Ngara na Biharamulo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu Kagera mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata, wazee wengi waliwazika watoto wao, kisha wakaanza upya kulea wajukuu. Hawakupata nafasi ya kulia, kwa kuwa kulikuwa na kinywa kinachongoja uji.

Huzuni isiyoliliwa hukaa moyoni. Nguvu za mwili zipunguapo na wajukuu waondokapo, huzuni hiyo huinuka. Mzee hukosa usingizi, hula kidogo, haji tena jumuiyani, na husema kwamba yeye ni mzigo. Nasi twasema: ni uzee tu. Wengine husema: imani yake imepoa. Kauli zote mbili humwumiza. Hali hiyo ikidumu kwa majuma mawili au zaidi, yaweza kuwa ugonjwa wa sonona, nao hutibika. Tumwombee, na tumpeleke hospitali.

Naomi aliponaje? Ruthu hakumwacha. Shamba la Boazi lilimpatia chakula. Wanawake jirani walimsikiliza, na mwishowe akapakatwa mtoto wa kumlea. Kwa hiyo mzee ahitaji mwenzi, riziki, sikio na kazi yenye heshima. Wenzetu wa Nshamba, wilayani Muleba, walitambua hayo: tangu mwaka 2003 shirika la Kwa Wazee liliwapa wazee wanaolea wajukuu pensheni ya kila mwezi, likawakutanisha pia katika vikundi vya kusaidiana.

Nanyi makatekista, mtembeleapo wazee wasioweza kufika kanisani, msifanye haraka kuondoka baada ya sala. Ketini. Ulizeni habari za mtoto aliyezikwa, mkamtaje kwa jina. Mzee akilia, msimnyamazishe. Akimlalamikia Mungu, msimkemee, kwa maana anayemlalamikia Mungu bado anazungumza naye.