Je, Wajua? Kufunga Karavani Nyuma ya Pikapu

Je, wajua kwamba urahisi wa kufunga karavani hutafutwa siku ya kuifungua? Marekani, ambako nyumba hizi za kuvutwa hujaa kambini kila kiangazi, wengi hulalamikia zile dakika za kupiga rivasi asubuhi ya kuondoka. Mzoefu huwa ameshajirahisishia. Alipofika na kuinua jeki ya mbele mpaka kikombe cha karavani kikaachana na tufe la chuma la pikapu, hakukimbilia kuishusha ili nyumba ikae sawa. Alichukua futi kwanza, akapima kutoka ardhini hadi ukingo wa kikombe, akaandika namba hiyo kwa kalamu ya wino mzito kwenye shingo ya tela. Maadamu pikapu ni ileile na mzigo wake haujabadilika sana, namba hiyo itamfaa safari nyingi. Siku ya kuondoka anainua jeki hadi pale, anaongeza vidole viwili vya nafasi, na suala la urefu limekwisha kabla hajawasha gari. Kilichobaki ni kulenga tu.

Je, wajua kwamba baadhi ya karavani zenye mfumo wa kujisawazisha kwa umeme huhifadhi urefu huo zenyewe, zikaurudia kwa kubonyeza kitufe?

Je, wajua kwamba kamera ya nyuma, ambayo leo ndiyo msaada mkubwa kuliko wote katika kufunga tela, haikuwekewa sheria kwa ajili ya matela? Marekani ilitunga sheria hiyo kwa ajili ya watoto. Mtoto wa miaka miwili aligongwa na kufariki mwaka 2002 kwenye njia ya nyumbani kwao, gari la familia likirudi nyuma na dereva hamwoni. Wazazi walipigania jambo hilo kwa miaka, sheria ikatiwa saini mwaka 2008, na tangu Mei 2018 kila gari dogo jipya linalouzwa nchini humo lazima limwonyeshe dereva eneo la futi 10 kwa 20 nyuma yake. Tufe la kuvutia tela kwa kawaida huonekana kwenye kamera hiyohiyo. Kwa hiyo dereva anayelenga kikombe kwa kutazama kioo cha dashibodi leo anafaidi kazi iliyofanywa na wazazi waliofiwa. Jambo hili linastahili kujulikana zaidi.

Je, wajua kwamba pikapu isiyo na kamera inaweza kulengwa vizuri kwa vijiti viwili? Huuzwa vikiwa na sumaku chini na vijipira vya rangi kali juu. Kimoja husimamishwa juu ya tufe, kingine juu ya kikombe, na dereva huviona vyote kwenye kioo cha ndani. Anarudi polepole akivilinganisha, na kijiti kimoja kikigusa kingine, amefika.

Je, wajua kwamba makosa mengi ya kulenga hutokana na kuanza karibu mno? Dereva akianza kurudi akiwa mita mbili tu kutoka kwenye karavani, hana nafasi ya kujirekebisha. Akisogea mbele mita kumi, akanyoosha magurudumu, akarudi kwa mstari ulionyooka, usukani hauhitaji zaidi ya kuguswa. Akiona amepinda, asiendelee kuzungusha usukani huku na kule akiwa palepale. Aende mbele tena, aanze upya. Anayeogopa kuonekana hajui ndiye anayegonga.

Je, wajua kwamba pikapu hutambaa baada ya dereva kudhani imesimama? Ukitia gia ya P na kuachia breki ya mguu, gari husogea kidogo kabla ya kizuizi kilicho ndani ya giaboksi kushika. Kidogo hicho kinatosha kulitoa tufe chini ya kikombe, hasa penye mteremko, na mtu hushuka akakuta alichokilenga kimehama. Dawa yake ni utaratibu: mguu ubaki kwenye breki, vuta breki ya mkono, tia P, ndipo uachie mguu.

Je, wajua kwamba anayeongoza kutoka nje anapaswa kuwa mtu mmoja tu? Madereva wa malori wa Afrika Mashariki hawahitaji kufundishwa hili. Utingo wa Tanzania, taniboi wa Kenya, hujua pa kusimama: upande wa dereva, kioo cha pembeni kikimwona mzima, na kamwe si katikati ya kichwa na tela. “Lete, lete, kata kulia, lete… hapo hapo!” Dereva asipomwona kwenye kioo, anasimama. Kwenye kambi za Marekani ajali za vidole na miguu hutokea mtu anapoingia kati ili aelekeze vizuri zaidi. Hakuna sentimita inayostahili mguu wa mtu. Kama sauti haifiki kwa sababu ya injini, pigianeni simu na muiweke kwenye spika.

Je, wajua kwamba mlango wa nyuma wa pikapu ukiachwa wazi unaweza kugonga jeki ya karavani? Ufunge kabla hujarudi nyuma.

Je, wajua kwamba matufe yanayouzwa Marekani yana vipimo vitatu vya kawaida vinavyofanana machoni? Kuna la inchi 1 na 7/8, la inchi 2, na la inchi 2 na 5/16. Karavani ndogo na za kati hutumia la inchi 2 mara nyingi, na zile nzito hutumia kubwa zaidi. Tofauti ya hayo mawili ni milimita 8 hivi. Hapa ndipo penye hatari hasa. Kikombe cha inchi 2 na 5/16 hukaa bila shida juu ya tufe la inchi 2, komeo lake hujifunga, mlio wake husikika, na kila kitu huonekana sawa mpaka gari linapopita kwenye shimo na kikombe kuruka. Ulaya wana kipimo kimoja, milimita 50, wala hawana mkanganyiko huu. Kwa maoni yangu Wamarekani wangepaswa kufanya hivyo zamani. Lakini kwa kuwa hawajafanya, soma namba iliyopigwa chapa juu ya tufe, usome na ile iliyo kwenye kikombe, na zisipolingana usiondoke.

Je, wajua kwamba uzito unaokaa juu ya tufe unatakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa karavani? Karavani ya kilo 3,000 ikandamize tufe kwa kilo 300 hadi 450. Ukiwa pungufu, mkia huanza kuyumba barabarani, na kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo unavyozidi kuyumba mpaka kulivuta gari lenyewe. Matangi ya maji, vyakula na baiskeli vilivyorundikwa nyuma kabisa ndivyo huleta hali hiyo. Ukizidi, nyuma ya pikapu hulala na magurudumu ya mbele hukosa mshiko.

Kwa ajili hiyo karavani nzito hufungwa kwa vyuma viwili virefu vya kusambaza uzito. Vikikazwa, sehemu ya mzigo iliyolemea nyuma ya pikapu hurudishwa kwenye ekseli ya mbele, na sehemu nyingine huenda kwenye ekseli za karavani. Wengi huvichukia, maana kuvikaza kwa nguvu za mikono ni kazi ya kutoa jasho, na chuma kikiponyoka kinaweza kuvunja mkono. Je, wajua kwamba jeki inaweza kuifanya kazi hiyo yote? Kikombe kikishafungwa na komeo kuwekewa pini, inua jeki ili ipandishe karavani pamoja na nyuma ya pikapu. Vyuma vinalegea, unavipachika mahali pake kwa urahisi, kisha unashusha jeki na uzito wa gari ndio unaovikaza. Wakati wa kufungua fanya vivyo hivyo kinyumenyume. Nimewaona watu wazima wakining’inia kwenye wenzo wa chuma huku jeki ya umeme iko mbele ya magoti yao.

Je, wajua kwamba kikombe kikigoma kuachia tufe, tatizo huwa ni shinikizo, si kutu? Gari limesukuma au kuvuta komeo. Weka kabari kwenye magurudumu ya karavani, sogeza pikapu sentimita moja mbele au nyuma, nalo litafunguka. Nyundo haihitajiki.

Je, wajua kwamba karavani rahisi zaidi kuilenga ni ile inayofungwa ndani ya bodi ya pikapu badala ya nyuma yake? Huitwa gurudumu la tano, na dereva huiona pini yake kwa kugeuza shingo tu. Ni mfumo uleule wa semi-trela zinazotoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam: pini ya chuma chini ya tela, na sahani yenye taya kwenye kichwa cha lori. Semi-trela ina historia yake Detroit. Mwaka 1914 mfanyabiashara wa mbao, Frederick Sibley, alitaka kusafirisha mashua yake kwa gari la Ford Model T, akamwendea mfua chuma August Fruehauf, naye akamtengenezea tela la kuibeba. Sibley akapenda, akaagiza mengine ya kubebea mbao.

Je, wajua kwamba mwaka 1959 msafara wa karavani za Airstream, zikiwa 40 hivi, uliondoka Cape Town ukiongozwa na mwanzilishi wa kampuni hiyo, Wally Byam? Ulipita Kenya, ukapokelewa na Mfalme Haile Selassie huko Ethiopia, ukamalizia Misri na kupiga picha mbele ya piramidi za Giza.

Je, wajua kwa nini minyororo miwili ya usalama hupishanishwa chini ya shingo ya tela? Kikombe kikiruka, shingo huangukia kwenye minyororo iliyokingama badala ya kuchimba lami. Na ule waya mwembamba wa chuma unaoning’inia kando yake una kazi kubwa kuliko unavyoonekana. Tela likichomoka kabisa, waya huvuta pini, na betri ya karavani hukaza breki zake zenyewe. Kwa magari ya biashara, kanuni za Marekani zinataka breki hizo zishike kwa muda usiopungua dakika 15. Usiufunge waya huo kwenye minyororo. Ufunge kwenye pikapu, mahali pake pa peke yake, kwa sababu minyororo ikikatika utakwenda nayo bila kufanya kazi.

Je, wajua kwamba pikapu ya Ford F-150 ya mwaka 2016 ilikuja na kitufe cha kuzungusha ambacho huelekeza tela linaporudi nyuma huku usukani ukijigeuza wenyewe? Asiyekuwa nacho ashike usukani chini kabisa, mahali ilipo namba 6 kwenye uso wa saa. Tela likishafungwa, mkono ukienda kulia, nyuma ya tela nayo inaelekea kulia.

Na je, wajua kwamba kifaa unachohitaji kuhakikisha tela limeshika unacho tayari? Kikombe kikishafungwa, usiipandishe jeki mguu wake bado. Iendeshe kinyume, kana kwamba unataka kuinua karavani. Nyuma ya pikapu ikipanda pamoja nayo, tufe limeshikwa. Kikombe kikiinuka peke yake, hukufunga kitu. Kisha unganisha minyororo na plagi ya taa, mtu asimame nyuma akutajie breki na indiketa moja moja, ondoa kabari, vuta mbele kidogo na ujaribu breki za tela. Fanya hivyo kila safari, hata kama unahama kambi moja kwenda nyingine iliyo jirani. Barabara hiyo ina watu wengine pia.