Nafasi ya Virusi katika Maambukizi ya Mizizi ya Meno: Kuwepo si Kusababisha

1.0 Utangulizi

Tiba ya mizizi ya meno imejengwa juu ya msingi kwamba bakteria ndio chanzo cha maambukizi. Mwaka 1965, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald walitoboa meno ya panya hadi kwenye kiini. Panya waliokuzwa bila vijidudu walibaki na viini vilivyo hai, na dentini mpya ikaziba tundu. Panya wa kawaida viini vyao vilikufa na majipu yakajitokeza. Makala haya yanaeleza kwa nini virusi vimeingia katika mjadala huu, na kwa nini kugunduliwa kwavyo hakujatosha kubadili tiba.

2.0 Virusi Vinavyohusishwa

Mwaka 2003, Sabeti na wenzake nchini Marekani waliripoti dalili za saitomegalovirusi na virusi vya Epstein-Barr, vyote vya familia ya hepesi, katika tishu zilizotolewa kwenye ncha za mizizi ya meno yenye maumivu. Virusi vya Epstein-Barr vina historia katika ukanda huu: viligunduliwa London mwaka 1964 katika sampuli za uvimbe zilizotumwa kutoka Uganda, ambako daktari Denis Burkitt alikuwa ameeleza uvimbe wa taya za watoto.

3.0 Namna Vinavyodhaniwa Kufanya Kazi

Virusi huzaliana ndani ya seli hai tu. Kwa hiyo, mfereji wa mzizi ambao kiini chake kimekufa si makao yake. Mahali panapostahili kuchunguzwa ni tishu hai zilizovimba kuzunguka ncha ya mzizi. Virusi vya hepesi hujificha mwilini maisha yote, baadhi yake ndani ya seli nyeupe za damu. Bakteria wanapochokoza ncha ya mzizi, seli hizo humiminika hapo zikiwa zimebeba virusi. Inadhaniwa kwamba virusi vikiamka hudhoofisha kinga ya eneo hilo, bakteria wakapata nafasi, na mfupa ukamomonyoka kwa kasi zaidi.

4.0 Ugumu wa Ushahidi

Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wana virusi vya Epstein-Barr. Penye uvimbe pana seli nyeupe, na penye seli nyeupe huenda virusi vikaonekana hata kama havina kosa. DNA ya virusi huthibitisha kuwepo tu. RNA yake huonyesha kwamba vinafanya kazi. Hata hivyo, kuamka kwavyo kwaweza kuwa matokeo ya uvimbe badala ya sababu yake. Utafiti wenye uzito utalinganisha tishu zilizougua na zisizougua za mtu yuleyule, na kuwafuatilia wagonjwa kabla na baada ya tiba, wakiwemo wanaoishi na VVU, ambao kinga yao ikishuka huruhusu virusi vya hepesi kuamka.

5.0 Hitimisho

Kwa ushahidi uliopo, virusi ni mshiriki anayeshukiwa, si mkosaji aliyethibitishwa. Kusafisha na kuziba mfereji wa mzizi, au kung'oa jino lisilookoleka, kunabaki kuwa tiba. Antibiotiki haziui virusi, wala hazifiki ndani ya kiini kilichokufa kwa kuwa damu haipiti tena humo. Kuzitoa kwa kila maumivu ya jino, pasipo homa wala uvimbe unaosambaa, ni kulea usugu wa vimelea. Miongozo ya tiba haina budi kulisema hilo waziwazi wakati utafiti ukiendelea.