Tuwaulize watoto kuhusu vitabu vyao vya picha

Katika mkutano wa wazazi uliofanyika shuleni kwetu muhula uliopita, lilizuka jambo ambalo limeninyima raha hadi leo. Walimu wa madarasa ya chini walikuwa wameomba sehemu ndogo ya fedha za vitabu itumiwe kununua hadithi zenye picha za kubuni, yaani vile vitabu ambavyo mchoro hujaza ukurasa na maneno huwa machache. Mzazi mmoja, mtu mzima anayeheshimika sana, alisimama, akaivua kofia yake, akakiinua juu kimoja cha vitabu hivyo ili kila mtu akione.

"Mwalimu," akasema, "mimi niliuza mbuzi ili mtoto huyu apate sare na vitabu. Sikuuza mbuzi ili aje kutazama picha ya mnyama aliyevaa suruali."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Nami nilicheka, ndugu msomaji, kabla sijatambua ninachekea nini. Uamuzi ukaahirishwa, na sisi walimu tukaagizwa kueleza katika mkutano ujao vitabu hivyo vina faida gani. Makala haya ni sehemu ya jibu langu.

Kwanza nakiri kwamba mzee huyo hakusema upuuzi. Kitabu cha picha nyingi za rangi ni ghali, maneno yake ni machache, na mtoto aweza kukimaliza kabla chai haijapoa. Isitoshe, wengi wetu tulilelewa chini ya mitihani. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, lakini fikra zake zingali zinatutawala. Kitabu kisichokuwa na maswali mwishoni hutuonekania kama nyumba isiyoezekwa.

Hata hivyo, katika mjadala ule wote kuna kundi moja ambalo halikuulizwa lolote. Wazazi walisema, walimu wakasema, na mwenyekiti akasema zaidi ya wote. Wasomaji wenyewe walikuwa nje wakicheza mpira wa makaratasi. Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Niliamua kuwaendea wanaokilalia.

Nilikwenda katika Gredi ya Tatu nikiwa na vitabu vichache, kimojawapo kikiwa Handa's Surprise, alichokiandika na kukichora Mwingereza Eileen Browne, na kilichotoka mwaka wa 1994. Nilikichagua makusudi kwa kuwa kinasimulia habari za kwetu. Handa, msichana wa Kiluo, anajitwika kikapu chenye matunda saba ya aina mbalimbali kumpelekea rafiki yake Akeyo katika kijiji cha pili. Njiani anajiuliza rafikiye atalipenda tunda lipi zaidi. Hayo ndiyo yanayosemwa na maneno. Picha nazo zinasema mengine kabisa: nyuma ya Handa tumbili anachukua ndizi, mbuni anachukua pera, punda milia chungwa, ndovu embe, twiga nanasi, swara parachichi, na kasuku karakara. Kikapu kinabaki kitupu. Kisha mbuzi aliyekata kamba anaugonga mchenza, na machenza yanaanguka hadi kikapu kinajaa tena. Handa hajui lolote hadi anapokitua kikapu mbele ya Akeyo, na kumbe machenza ndiyo matunda ambayo Akeyo anayapenda kuliko yote.

Nilisoma maneno tu, bila kuongeza langu. Tulipofika kwa mbuni, darasa lilikuwa limesimama. "Mwalimu, mwambie!" walinipigia kelele. "Mwambie ageuke!" Wale watoto walikuwa na habari ambayo Handa hakuwa nayo, tena wala maneno niliyokuwa nikiwasomea hayakuwa nayo. Waliipata kwa macho yao. Kwa mara ya kwanza mwaka huo niliwaona wanafunzi wanaosoma kwa shida wakiwa mbele ya wenzao, na mwalimu wao akiwa nyuma.

Kisha nikawauliza maoni yao. Sikuwauliza kama kitabu ni kizuri, maana mtoto akiulizwa hivyo na mwalimu hujibu kwamba ni kizuri sana. Niliwauliza ni jambo gani wasingelikubali.

Msichana mmoja alisema kwamba yeye huenda kwa nyanya yake Siaya kila Disemba, na hajawahi kukutana na twiga wala ndovu njiani. Mvulana aliyekaa nyuma akauliza inakuwaje mtu aliyejitwika kikapu asihisi kinavyozidi kuwa chepesi. Swali hilo lilizua ubishi mkali. Mmoja akamjibu kwamba tunda moja moja huondoka polepole na shingo haliwezi kujua. Mwingine akapinga, akisema nanasi si tunda la kuondoka polepole. Hatimaye msichana mnyamavu, ambaye nilikuwa sijapata kusikia sauti yake tangu muhula uanze, akasema: "Alikuwa anamfikiria rafiki yake. Ukimfikiria mtu, huhisi mzigo."

Naomba walimu wenzangu wayapime maneno hayo. Ingalikuwa mwanafunzi wa kidato cha nne ameandika sentensi hiyo katika uchambuzi wa fasihi, tungalimpa alama zote na kuisoma kazi yake mbele ya darasa. Huyu ana umri wa miaka minane, na aliifikia kwa kutazama picha ambazo tulikuwa tukisema ni za kupotezea wakati.

Hapo ndipo ilipo siri ya vitabu hivi. Kitabu kizuri cha picha huzungumza kwa ndimi mbili, na msomaji huachiwa kazi ya kuzipatanisha. Picha ikirudia tu yale yaliyosemwa na maneno, mtoto hana kazi ya kufanya. Lakini maneno yakisema hili na picha ikasema lile, mtoto hulazimika kulinganisha, kukisia, kushuku na kutoa ushahidi. Hiyo si michezo. Huo ndio usomaji wenyewe, na umekuwa ukisaidiwa na picha tangu zamani. Mwaka wa 1658 mwalimu Comenius alichapisha mjini Nuremberg kitabu cha kufundishia watoto Kilatini kwa njia ya michoro, kwa kuwa aliona kwamba jicho hutangulia.

Kuna pingamizi jingine ambalo husemwa kwa sauti ya chini zaidi, kwamba picha za kubuni huwatia watoto hofu na kuwapotosha. Pingamizi hili nalo si geni. Mwaka wa 1963 Mmarekani Maurice Sendak alitoa kitabu kiitwacho Where the Wild Things Are. Mtoto mtundu, Max, anapelekwa kulala bila chakula kwa utovu wa adabu. Chumba chake kinageuka msitu, naye anasafiri kwa mashua hadi nchi ya madude yenye makucha na macho ya kutisha, anayatiisha na kuwa mfalme wao, kisha anatamani nyumbani na kurudi. Angalia jinsi picha zinavyofanya kazi: mwanzoni ni ndogo, zimezungukwa na weupe, hasira ya mtoto inavyopanda, picha nazo zinapanuka, hadi kurasa zinafika ambazo hazina neno hata moja. Kisha zinapungua tena, na ukurasa wa mwisho hauna picha, ila maneno machache tu kuhusu chakula ambacho hakijapoa.

Kitabu hicho kilitunukiwa medali ya Caldecott mwaka wa 1964. Hata hivyo, mwaka wa 1969 mwanasaikolojia mashuhuri Bruno Bettelheim alikishutumu gazetini kwamba chaweza kuwaogofya watoto, ilhali yeye mwenyewe hakuwa amekisoma. Watoto hawakungojea kibali chake. Sendak, aliyefariki mwaka wa 2012, alikuwa akipenda kusimulia habari za mtoto mmoja aliyemwandikia barua, naye akamjibu kwa kadi aliyoichora. Mama wa mtoto akamwandikia kumweleza kwamba mwanawe aliipenda kadi hiyo hata akaila. Sendak aliyaona hayo kuwa sifa kubwa kupita kiasi. Mtoto hakuangalia jina la mchoraji wala thamani ya mchoro. Aliuona, akaupenda, akautia kinywani.

Na sisi tunaoyashangaa madude ya Sendak, je, tumesahau mazimwi yetu? Nani aliyemlaumu nyanya yake kwa sababu Sungura alizungumza, au kwa sababu zimwi lilimmeza mtu akatoka akiwa hai? Tulikaa kando ya moto tukitetemeka, kisha tukalala usingizi mzuri, maana hofu iliyokwisha kusimuliwa huwa imefungwa kamba. Kama ngano hizo hazikutuharibu masikioni, sioni kwa nini zituharibu machoni.

Nina deni la kulipa katika jambo hili, na sharti nilitaje. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwalimu mchanga, niliwapa wanafunzi wangu insha juu ya ng'ombe. Mmoja wao alichora pembeni ng'ombe mwenye mabawa. Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika: "Ng'ombe hana mabawa," kisha nikampunguzia alama mbili. Nilipoisoma insha hiyo mara ya pili, siku kadhaa baadaye, ndipo nilipoona kwamba ilisimulia jinsi ng'ombe wao wa pekee alivyouzwa wakati wa ukame. Yale mabawa yalikuwa njia ya mtoto ya kumrudisha nyumbani. Nilitaka kumwomba radhi, lakini sikujua mwalimu humwombaje radhi mwanafunzi, nikanyamaza. Hakuchora tena katika daftari langu.

Hata hivyo, kuvitetea vitabu vya picha si kuvisifu vyote. Viko vingi ambavyo picha zake ni za haraka na Kiswahili chake ni tafsiri iliyovunjika mbavu. Tena lile swali la msichana wa Siaya halijajibiwa. Mchoraji wa ng'ambo akituwazia, aghalabu hutujazia ndovu na twiga njiani. Kitabu cha Browne nakipenda, na darasa langu linakipenda, lakini mtoto ana haki ya kuuliza ni nani aliyekuwa akiwaziwa hadithi hii ilipochorwa. Dawa yake si kukitupa kitabu hicho, bali ni kukiwekea wenzake waliozaliwa huku.

Nao wapo. Kile kitabu cha mnyama aliyevaa suruali ni kazi ya John Kilaka, Mtanzania anayechora kwa mtindo uliotokana na ule wa Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuuza picha zake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya sitini. Wanyama wa Kilaka huvaa nguo za rangi kali, huenda sokoni na hugombana kama majirani zetu. Mghana Meshack Asare alimchora Sosu, mvulana asiyeweza kutembea ambaye ngoma yake inakiokoa kijiji bahari inapofurika. Mwaka wa 1999 kitabu hicho kilipata tuzo ya UNESCO ya fasihi ya watoto inayokuza uvumilivu. Huko Tanzania, mradi wa vitabu vya watoto ulianzishwa mwaka wa 1991 ili kuhimiza uchapishaji wa hadithi za Kiswahili. Na kwa shule isiyo na fedha, tangu mwaka wa 2014 kuna mkusanyiko wa African Storybook, wenye hadithi za picha katika lugha nyingi za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo, ambazo mwalimu aweza kuzipata bila malipo na kuzipiga chapa.

Kwa walimu, ushauri wangu ni mfupi. Msikigeuze kitabu cha picha kuwa zoezi la msamiati. Kisomeni polepole, mnyamaze penye picha, kisha mwulize maswali mawili tu: Umeona nini? Umejuaje? Mtoto akijibu la pili amekwisha kuanza uhakiki. Ninyi wanafunzi wa vyuo vya ualimu na wa shule za sekondari, msivione vitabu hivi kuwa vya kitoto na kuvipita. Jaribuni kuandika hadithi ya maneno mia tatu isiyoyasema yale yatakayosemwa na picha, ndipo mtakapojua ugumu wake. Huenda miongoni mwenu yumo atakayemchora Handa wetu, anayepita njia ya Siaya tunayoifahamu.

Mkutano wa wazazi utafanyika tena hivi karibuni. Nimetayarisha hoja zangu, lakini nadhani sitazisoma. Nimepata habari kwamba yule msichana mnyamavu ni mjukuu wa mzee wa kofia, yule aliyeuza mbuzi. Nitaomba ruhusa ya mwenyekiti, nimpe mtoto kitabu kile kile kilichoinuliwa juu tukacheka, na nimwombe aketi kando ya babu yake amsomee. Mimi nitakaa kitako. Mzee akishasomewa hadi ukurasa wa mwisho, na atoe maoni yake kama msomaji. Nitayakubali, yawayo yote.