Daftari la Makazi katika Mji Usioingoja Sensa

Mkazi wa Kitengela akiulizwa anwani yake ana majibu matatu, na katika hayo hakuna hata moja limfaalo karani wa sensa. La kwanza ni sanduku la posta lenye namba 00242 mwishoni, nayo ni namba ya mahali barua zinapongojea kuchukuliwa, hata kama mwenyewe analala maili nne kutoka hapo. La pili ni hati ya shamba, iliyoandikwa Kajiado, kisha Kaputiei North, kisha tarakimu kadhaa. Hati hiyo humtambulisha mwenye milki, ambaye aghalabu anakaa Nairobi, ilhali juu ya ploti yake ya futi 50 kwa 100 limesimama ghorofa la wapangaji ambao msajili wa ardhi hana habari nao. La tatu, na ndilo litumikalo kila siku, ni maelezo ya njia: shuka stejini, pita kanisa, ulizia duka la fulani, tazama geti la buluu. Maelezo haya humfikisha mgeni salama, illa hayahifadhiki daftarini, kwa kuwa duka hufungwa, na geti hupakwa rangi nyingine.

Ndipo unapoanza mzigo wa Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya, ambalo kila baada ya miaka kumi hutakiwa kumfikia kila mtu aliyelala katika nchi usiku mmoja uliotajwa, pasipo kumruka wala kumhesabu mara mbili. Maadamu nchi haina anwani za mitaa zilizoenea, shirika hushika njia ya ardhi yenyewe: nchi nzima, mbuga, miji na majangwa, hukatwa vipande, na kila kipande hupewa karani mmoja na ramani yake. Kipande kamili kinakusudiwa kuwa na kaya baina ya 50 na 149, wastani wake ukiwa kaya 100, na hakiruhusiwi kuvuka mpaka wa kata ndogo. Kwa ajili ya sensa ya usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti 2019, ambayo makarani wake walishika vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi, vilikatwa vipande 129,067. Fadhila ya mpango huu ni kwamba hakuna shibiri ya ardhi isiyokuwa ndani ya kipande fulani, kwa hiyo hata nyumba itakayojengwa kesho mahali pasipo na mtu leo imekwisha pata pa kuhesabiwa. Upungufu wake nitaueleza baadaye, kwani ndio kiini cha makala haya.

Mpaka wa kipande hutakiwa ufuate kitu kionekanacho kwa macho, ili karani asimame pale na kusema bila shaka kwamba mkono wa kulia ni kwake na wa kushoto ni kwa mwenzake. Katika Kaunti ya Kajiado viko vitu vya namna hiyo vilivyo amini sana: reli ya Magadi, iliyotandazwa kutoka Konza mwaka wa 1915 na kupita mji wa Kajiado, haijasogea tangu hapo, mito ni mipaka mizuri, hata ile inayokauka, kwa sababu korongo hubaki, na barabara ya Namanga inajulikana na kila mtoto. Lakini karibu na Kitengela mchora ramani wa mwaka fulani alilazimika kutumia alivyovikuta, yaani seng'enge ya shamba, safu ya migunga, njia ya ng'ombe iendayo kisimani. Shamba likiuzwa na kukatwa ploti, seng'enge hung'olewa, migunga hukatwa kuni, na ile njia ya ng'ombe huzibwa na ukuta wa mawe. Ramani ingali na mstari wake, ila mstari huo ardhini hauna tena kitu cha kuuonyesha. Hapo makarani wawili hugongana katika ua mmoja, au, lililo baya zaidi, kila mmoja hudhani kwamba ua ule ni wa mwenzake.

Sababu za Kitengela kuizidi ramani yake ni za kihistoria, wala si za ajabu. Sheria ya mwaka 1968 iliwapa Wamaasai milki ya pamoja ya malisho chini ya ranchi za vikundi; ranchi ya Kitengela ikagawanywa miaka ya mwisho ya themanini, kila mwanachama akapata shamba lake na hati yake, na shamba lenye hati huuzika. Jirani, ng'ambo ya mpaka wa Kaunti ya Machakos, Athi River ilikuwa na viwanda vya saruji, na miaka ya tisini ikapata eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje. Wafanyakazi wakatafuta vyumba vya kodi nafuu, na wakazi wa Nairobi waliochoshwa na kodi wakatafuta ploti. Kaunti nzima ya Kajiado, iliyokuwa na watu 687,312 mwaka 2009, ilikutwa na watu 1,117,840 mwaka 2019, katika kaya 316,179. Na mji wa Kitengela peke yake ulihesabiwa watu 154,436. Ongezeko la kadiri hiyo halienei sawasawa kama mvua ya masika, bali hushuka juu ya vipande vichache vya ramani na kuviacha vingine kama vilivyokuwa.

Sasa msomaji ataniuliza: daftari likichakaa baada ya sensa lina madhara gani, madhali sensa nyingine itakuja na kulifanya upya? Jibu ni kwamba sensa ni mara moja kwa miaka kumi, lakini daftari lake hutumika kila mwaka. Watu wanaotaka kujua bei ya unga katika jiko la maskini, au idadi ya watoto waliochanjwa, au vijana wasio na kazi, hawawezi kuhesabu nchi nzima. Huchagua vipande kwa kura, na ndani ya vipande huchagua kaya kwa kura. Kutokana na vile vipande 129,067 shirika liliteua fungu kuu la maeneo 10,000, likaligawanya mafungu manne yaliyo sawa, na humo ndimo uchunguzi mbalimbali unamochota. Uchunguzi mkuu wa afya na uzazi wa mwaka 2022 ulichota maeneo 1,692, na katika kila eneo ukakusudia kaya 25, jumla kaya 42,300. Kila kaya iliyohojiwa ilisema kwa niaba ya wenzake wengi ambao hawakubishiwa hodi.

Niruhusiwe hesabu ndogo ya mfano. Chukua kipande chenye kaya 100 daftarini. Tukichagua 25, kila moja inasimama badala ya kaya nne. Lau tangu daftari liandikwe pamejengwa maghorofa manne, na kaya halisi sasa ni 400, basi anayetegemea daftari la zamani atachagua zile 25 katika majina ya wakazi wa awali tu, na kaya 300 zitakuwa hazina msemaji. Fauka ya hayo, waliosahauliwa hawafanani na waliokumbukwa: wakazi wa awali ni wenye nyumba, wenye mifugo, wenye umri, wageni ni wapangaji, vijana, wanawake wafanyao kazi viwandani na watoto wao wachanga. Takwimu itakayotoka itakuwa na sura ya ukweli, na wala hakuna mtu aliyesema uongo.

Wataalamu wanalijua hilo, ndiyo maana kabla ya uchunguzi ulio madhubuti watu hutumwa kuorodhesha upya kaya zote za maeneo yaliyochaguliwa. Mwandikaji huzunguka na mzee wa kijiji, jengo baada ya jengo, akichora mchoro wa njia na kuandika jina la mkuu wa kila kaya, yaani watu waishio pamoja na kula chungu kimoja. Dawa hii huondoa upendeleo niliousema, lakini haiondoi taabu yote: kila kaya ya kipande kilichofura sasa inasimama badala ya kaya kumi na sita, si nne tena, na kipande kimoja cha Kitengela kikibeba uzito wa namna hiyo, bahati ya kaya chache inaweza kuyumbisha wastani wa kaunti nzima. Na usiku wa sensa wenyewe hakuna dawa hata hiyo, kwa sababu karani aliyepewa siku za kaya 100 hukuta kaya 400, akachoka, akaharakisha, akaruka ghorofa ya nne.

Upande wa pili wa kaunti kasoro ni kinyume chake. Kajiado Magharibi na Mashuuru, yenye watu 182,849 na 64,214 kwa hesabu ya 2019, ni nchi pana ambayo ukame unaweza kuliondosha boma zima mahali pake. Nyumba za udongo na samadi hubaki na ua wa miiba, na karani afikapo hukuta majivu ya zamani. Pale daftari lina kaya nyingi kuliko ardhi, nalo husema uongo wa namna nyingine. Tena boma moja si kaya moja: mke hujenga nyumba yake na huwa na chungu chake, na mwenye kuhesabu mapaa au maboma bila kuuliza atakosea pande zote mbili.

Basi daftari zuri liweje? Nionavyo mimi, sharti la kwanza ni kila makazi yapewe namba isiyobadilika maisha, wala isipewe makazi mengine hata yale ya kwanza yakibomolewa. Namba hiyo ifungamane na nukta ya mahali kwa vipimo vya latitudo na longitudo, na mfululizo wa ngazi za utawala kuanzia kaunti, ambayo kwa Kajiado ni namba 34, hadi kipande cha kuhesabia. Ila namba yenyewe isitungwe kutokana na ngazi hizi, kwani hubadilika mara kwa mara, kata ndogo zikigawanywa kwa sababu za siasa, na namba ya nyumba iliyotungwa kutokana nazo hubatilika nazo. Kisha liandikwe jambo ambalo aghalabu husahauliwa: tarehe makazi yalipoonekana kwa macho mara ya mwisho, na nani aliyeyaona. Daftari lisilo na tarehe hizo haliwezi kumwambia mwenyewe limeoza wapi.

Ramani nayo ina kanuni yake. Wamarekani walipoandaa sensa ya 1990 walijenga hazina ya ramani iitwayo TIGER, ambamo mstari mmoja ulio barabara na papo hapo mpaka huandikwa mara moja tu, hata ukisahihishwa, barabara na mpaka husogea pamoja. Kando yake wana daftari kuu la anwani, ambalo hupokea mara mbili kwa mwaka orodha ya mahali posta inapopeleka barua. Na sheria ya mwaka 1994 inaruhusu serikali za miji kulikagua na kulisahihisha chini ya kiapo cha siri. Sisi hatuna mpeleka barua wa mlango kwa mlango, kwa hiyo hatuwezi kuiga chanzo chao, ila tunaweza kuiga ratiba yao.

Wako wanaosema kwamba picha za setilaiti zimemaliza kazi, kwa kuwa kampuni ya Google tangu mwaka 2021 imetoa bure michoro ya majengo ya Afrika iliyotambuliwa na mashine. Ni msaada mkubwa, wala siudharau. Kipande kilichojaa mapaa mapya hujulikana bila kutuma mtu. Lakini paa la Kitengela laweza kuwa ghala, kanisa, au vyumba arobaini, na picha ya kutoka juu haihesabu milango.

Majirani zetu wa Tanzania walichukua njia ya ujasiri zaidi. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya tarehe 23 Agosti iliyohesabu watu 61,741,120, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua operesheni ya Anwani za Makazi, na katika miezi michache barabara zikapewa majina, nyumba zikapewa namba, na taarifa zikaingizwa katika mfumo wa kidijitali pamoja na postikodi. Ninaisifu kazi hiyo kwa kuwa ilitangulia sensa badala ya kuifuata. Hata hivyo vibao ni mwanzo tu. Mtihani ni kama nyumba iliyojengwa mwaka wa pili itapata namba mwaka huo huo, au itangoja operesheni nyingine.

Liko pia jambo la amana. Mwenye nyumba akiona namba imeandikwa mlangoni humdhania karani kuwa mtoza ushuru au mjumbe wa ubomoaji, na huficha vyumba vya nyuma. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2006 inakataza taarifa za mtu kutolewa kwa namna ya kumtambulisha, na katazo hilo ni kinga ya daftari kama lilivyo kinga ya raia. Siku moja tu daftari la sensa litumike kumfuata mdaiwa, wenye nyumba wataanza kusema uongo, nao hawatalaumika. Kwa hiyo habari zipite njia moja: serikali ya kaunti impe mtakwimu vibali vya ujenzi na idadi ya vyumba vilivyoidhinishwa, machifu wampe habari za maboma yaliyohama, na yeye asirudishe jina la mtu kwa yeyote.

Sensa ijayo yatarajiwa mwaka 2029, na kazi ya ramani hutangulia usiku wa hesabu kwa miaka kama miwili. Serikali ya Kaunti ya Kajiado isingoje muda huo. Na ianze sasa kupeleka kila robo ya mwaka orodha ya majengo mapya ya Kitengela, Isinya na Ongata Rongai, hata kama orodha ni pungufu. Nawe mwenye ploti, karani akikubishia hodi na kukuuliza milango mingapi, mtajie yote, pamoja na ile ya nyuma uliyoijenga bila kibali.